Usione Chang'ara: Habari za Kisu cha Mfukoni

Wazee wetu walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Walikusudia vyombo vya baharini, lakini maneno yao yafaa kwa kila kitu kizuri kinachowekwa mbele ya macho yetu. Leo twataka kuyapima maneno hayo kwa kitu kidogo kinachoenea kiganjani: kisu cha kukunja, ambacho mtu hukitia mfukoni akaenda nacho shamba, sokoni au baharini.

Huenda ukauliza, kisu cha mfukoni nacho kina historia gani? Kinayo, tena ndefu, na sehemu yake kubwa ilipita katika bandari zetu wenyewe. Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaokusanya visu hivi, kama wengine wakusanyavyo stempu na sarafu za kale. Kisu cha karne ya 19 kilichotoka kwa fundi mashuhuri, kikiwa kizima na mpini wake ni wa pembe ya ndovu, chaza au ng'amba, huweza kuuzwa kwa fedha ambazo kwetu zingenunua ng'ombe. Kisu hicho hakimenyi chungwa wala hakikati kamba. Hulazwa katika kisanduku chenye kitambaa laini, kikatolewa kutazamwa, kikasifiwa, kikarudishwa.

Tusifanye haraka kuwacheka watu hao. Nasi katika nyumba zetu tuna jambia la babu, birika la shaba la bibi, na vikombe vya kale ambavyo havitiwi chai hata akija mgeni mkubwa. Kupenda kazi njema ya mikono si aibu. Swali letu ni jingine: huyo mwenye kukusanya, anajua amekusanya nini?

MJI WA VISU

Visu vinavyotafutwa zaidi vilitoka katika miji michache: Thiers katika Ufaransa, Solingen katika Ujerumani, na Sheffield katika Uingereza. Tuishike Sheffield, kwani huko ndiko habari yetu iliko. Mji huo uko kaskazini ya Uingereza, chini ya vilima, na mito yake mitano ina maji ya kasi. Maji hayo yaligeuza magurudumu, na mawe ya mchanga yaliyochongwa vilimani yakafanywa cherehe za kunolea. Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Chaucer alipomsimulia msaga nafaka mmoja alimpa kisu cha Sheffield. Maana yake, hata zama zile jina la mji huo lilikwisha julikana. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilikianzisha kwa sheria chama cha mafundi wa visu wa wilaya hiyo, ambacho kiliandikisha alama ya kila fundi ili mnunuzi ajue kisu kimetoka kwa nani. Na kiasi cha mwaka 1740 mtengenezaji wa saa aliyeitwa Benjamin Huntsman, akitafuta pua iliyo bora kwa springi za saa zake, aligundua njia ya kuiyeyusha katika vyungu vya udongo hata ikawa safi na ya namna moja. Kutoka hapo pua ya Sheffield ikasifika duniani.

Kisu kidogo cha mfukoni kilikuwa na kazi yake maalumu. Kabla ya kalamu za chuma, Wazungu waliandika kwa unyoya wa bata bukini, na unyoya ulitaka kuchongwa mara kwa mara. Kama waandishi wetu walivyochonga kalamu za matete ili hati itoke nyoofu, ndivyo karani wa Ulaya alivyohitaji kisu chembamba chenye makali, cha kukunjwa ili kisimkate mapajani.

Sasa tazama kinavyoundwa. Mfua chuma huupasha moto ufito wa pua, akaufua ubapa na shina lake. Kisha huutia moto tena na kuuzamisha ghafula katika maji au mafuta ili uwe mgumu, halafu huupasha moto kidogo ili usiwe wa kuvunjika kama kioo. Ubapa huenda kwa mnoaji, ambaye huupa umbo na makali juu ya jiwe linalozunguka. Mwisho hufika kwa muunganishaji. Huyu hukata bati mbili za shaba, akaweka springi katikati, akaweka mpini pande zote mbili, na vyote hivyo akavishika pamoja kwa misumari myembamba sana, inayofuliwa na kusuguliwa mpaka isionekane. Kazi yote ni ya tupa na nyundo ndogo. Ubapa ukiguswa na springi mahali pasipopasa kwa upana wa unywele tu, kisu hakifungi vizuri.

Ndiyo sababu mkusanyaji hodari, akipewa kisu, kwanza hukifungua na kukifunga huku ametega sikio. Kisu kizuri husimama imara kikifunguliwa, na kikifungwa hutoa mlio mkavu ulio safi. Halafu hutazama shina la ubapa, palipo na alama na jina. Visu vingine vina herufi V na R pembeni ya taji, nazo ni dalili ya zama za Malkia Victoria, aliyetawala kutoka 1837 hadi 1901. Hutazama pia ikiwa ubapa haukuliwa kwa kunolewa mno, na ikiwa mpini haukubadilishwa.

Katika majina yote, lililotukuka zaidi ni la Joseph Rodgers na Wanawe. Kiwanda hiki kilipata cheo cha kumuuzia mfalme wa Uingereza mwaka 1822, na mwaka huo kikaunda kisu chenye bapa 1,822, moja kwa kila mwaka wa kalenda yao, na bapa nyingine zikawa zikiongezwa miaka ilivyokwenda. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 kilileta kisu kingine chenye bapa na vifaa 75, mpini wake ni chaza iliyonakshiwa. Hakuna mfuko duniani wa kutia visu hivyo! Viliundwa ili watu washangae tu.

Na palipo na sifa hapakosi ghushi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara waliagiza visu rahisi kutoka nchi nyingine, hasa Solingen, vikapigwa chapa ya Sheffield na kuuzwa kama vya Sheffield. Malalamiko yalikuwa makubwa hata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887. Hata hivyo na Sheffield yenyewe walikuwako waliotia chapa nzuri juu ya kisu kibaya. Alama ni kauli. Nayo, kama kauli yoyote, huweza kuwa ya kweli au ya uwongo.

MPINI ULITOKA WAPI?

Hapa ndugu msomaji, habari inarudi nyumbani.

Yapata miaka elfu mbili iliyopita, baharia au mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kiyunani alieleza bandari za bahari yetu mpaka Rhapta, soko la mwisho alilolijua katika pwani hii. Katika vitu vilivyotoka huku alitaja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Na katika vitu vilivyoletwa alitaja mikuki, mashoka, visu vidogo na vifaa vya kutobolea. Angalia vizuri mizani hiyo. Zamani zile tulitoa pembe na ng'amba, tukapewa visu. Miaka elfu na mia nane baadaye biashara ilikuwa ni ile ile, ila pembe sasa ilirudi Ulaya kuwa mpini wa kisu chenyewe.

Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe kuliko yote ya Afrika Mashariki. Pembe za huku zilipendwa kwa sababu ni laini, hazipasuki upesi, na weupe wake ni wa kupendeza. Nyingine zilikwenda Marekani kufanywa vibonye vya piano. Nyingi zilipita Bombay, na London zilipigwa mnada mbele ya wanunuzi, miongoni mwao watu wa Sheffield. Kiwanda cha Rodgers kilikuwa na ghala lake la pembe, na wageni walipelekwa kulitazama kama tupelekavyo wageni kutazama msikiti wa kale.

Pembe hizo hazikufika forodhani kwa miguu yake. Zilitoka bara, Tabora na Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikaletwa Bagamoyo kwa safari ya miezi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa, watu mashuhuri kwa nguvu na uvumilivu. Lakini hatuwezi kusema kweli nusu. Wako pia waliobebeshwa kwa minyororo, na viko vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya pembe zilizowekwa ndani yake. Katika walioongoza misafara hiyo walikuwamo watu wa pwani hii. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ajulikanaye kwa Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliisimulia mwenyewe kwa Kiswahili habari ya maisha yake, na humo vita na pembe zimefuatana ukurasa baada ya ukurasa. Mzungu alinunua na mwenzetu aliuza, na mizani ya frasila ilikuwa katikati yao. Atakayetaka kuihukumu biashara hiyo asiangalie upande mmoja tu wa mizani.

MAKALI YALITOKA WAPI?

Ama upande wa pili wa kisu, yaani makali, nao una kilio chake, na waliolia ni Waingereza wenyewe.

Mnoaji wa Sheffield aliketi kama aliyepanda punda, ameinama juu ya jiwe lizungukalo kwa kasi, uso wake karibu na cheche. Jiwe lilikuwa la mchanga. Likitumiwa kavu, vumbi la jiwe na la chuma lilijaa chumbani, likaingia mapafuni na kuyafanya magumu. Ugonjwa huo waliuita pumu ya wanoaji. Daktari Arnold Knight wa Sheffield, aliyewatibu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alieleza kwamba wanoaji wa jiwe kavu kwa wastani hawakufika vizuri miaka 35, na wa jiwe la maji ni nadra kuvuka 45. Walioumia zaidi ni wanoaji wa uma. Visu vya mfukoni vilinolewa zaidi kwa maji, lakini kung'arisha kulifanywa pakavu, na vumbi la chumba kimoja halichagui pua ya kuingia. Wakati mwingine jiwe lenyewe lilipasuka likizunguka, na mtu akafa papo hapo. Wengi walianza kazi wakiwa watoto.

Vipepeo vya kuvuta vumbi vilijulikana mapema, lakini vilichelewa kuenea. Mwenye kiwanda hakutaka gharama. Na ajabu yenye kuhuzunisha ni kwamba hata baadhi ya wanoaji walivikataa: waliogopa kwamba watu wakiishi zaidi, mafundi watakuwa wengi na ujira utashuka. Umasikini ukifika hapo, mtu huuza umri wake kwa rejareja. Ilihitajika sheria, na baadaye mawe ya kutengenezwa yasiyo na mchanga ule, ndipo balaa likapungua.

Basi kichukue tena kile kisu katika kisanduku chenye kitambaa laini. Upande mmoja kuna ndovu aliyeanguka na mpagazi aliyemwacha mwenziwe njiani. Upande wa pili kuna kijana wa Kiingereza anayekohoa damu kabla ya kuota mvi. Katikati kuna jina la kiwanda, limepigwa kwa herufi nzuri. Wale wawili hawakujuana hata kidogo, na jina la hata mmoja wao halikuandikwa juu ya chuma kile.

WAKUSANYAJI WA NAMNA MBILI

Je, tuseme kwamba kukusanya visu ni upuuzi au ni dhambi? La. Wakusanyaji ni wa namna mbili, na tofauti yao ni kubwa.

Wa kwanza hukusanya bei. Humuuliza muuzaji: ni cha nani, ni cha mwaka gani, kitapanda thamani? Akikipata hukitangaza kwa wenziwe ili waone kwamba anacho wasichonacho. Huyu kisu kwake ni kioo. Hutazama ndani yake akajiona mwenyewe. Dini yetu imetuonya juu ya israfu na fahari, na fahari haihitaji kasri. Hata kitu cha kiganjani chaitosha.

Wa pili hukusanya habari. Mfano wake ni mwenye duka la zana katika Sheffield aliyeitwa Ken Hawley, aliyezaliwa 1927 akafa 2014. Aliona kwamba viwanda vinafungwa na mafundi wanakufa, na kwamba tupa na nyundo zao zinatupwa jaani. Akaanza kuzikusanya, si visu tu, bali na zana zilizoviunda, vitabu vya bei, na vipande ambavyo havijamalizwa ili ionekane kazi ilivyokwenda hatua kwa hatua. Alihangaika pia mafundi wapigwe filamu wakiwa kazini kabla hawajatoweka. Mkusanyo wake, wenye vitu vingi mno, leo umo katika jumba la makumbusho la Kelham Island katika mji ule ule, na kila mtu aweza kuutazama.

Mafundi wenyewe walipungua hata wakahesabika. Viwanda viwili vilivyokuwa vikishindana, Rodgers na Wostenholm, viliunganishwa mwaka 1971, na baadaye majina yao yakanunuliwa na wengine. Stan Shaw, aliyeanza kazi akiwa kijana katika vita vya pili vya dunia na kufa mwaka 2021, aliendelea kuunda visu vya mfukoni kwa mikono yake mwenyewe, kila kipande, kwa zaidi ya miaka 70. Watu waliomwagiza walingoja miaka. Mtu huyu hakuwa tajiri, lakini alijua kitu ambacho fedha haiwezi kukinunua siku moja: mkono uliozoea.

YATUPASAYO

Ndugu msomaji, kuna faida gani kwako wewe uliye Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja? Ziko tatu.

Ya kwanza ni ya sheria, na usiidharau. Mwaka 1979 ndovu wa Afrika walikisiwa kuwa milioni 1.3; kufika 1989 walikisiwa kiasi cha laki sita tu. Mwaka huo Kenya ilichoma hadharani tani 12 za pembe, na mataifa yalikubaliana kuifunga biashara ya pembe baina ya nchi. Uuaji haukukoma: Tanzania ilikuwa na ndovu wapatao 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 walihesabiwa wapatao 43,000. Kwetu kuwa na pembe bila ya kibali ni kosa zito. Hata Uingereza, iliyokuwa soko, tangu mwaka 2022 imepiga marufuku kuuza vitu vya pembe isipokuwa vichache vya kale, na kisu ambacho mpini wake wote ni pembe si rahisi kupita mlango huo. Ng'amba naye ni vivyo hivyo, biashara yake baina ya mataifa imekatazwa. Akikujia mtu na mpini wa pembe "ya zamani", ujue waweza kununua kesi.

Ya pili ni ya maarifa. Kama kuna kisu cha kale nyumbani, kitazame kabla ya kukitupa au kukiuza. Mfupa una vitone vidogo vyeusi, kwani ndani yake mlipita damu. Pembe ya ndovu haina vitone hivyo, na ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayokatana kama wavu. Usikitie majini. Kipanguse, kitie tone la mafuta katika maungo yake, na usikisugue kwa msasa, kwani utafuta alama pamoja na kutu. Mpini wa selluloidi, ambao ni kitu kama plastiki, usiuweke pamoja na visu vingine. Ukizeeka hutoa mvuke unaokula chuma cha jirani zake.

Ya tatu ndiyo kubwa. Uliza habari ya kitu ingali yuko wa kukujibu. Jambia la babu lilifuliwa na nani? Kisu cha kuchinjia cha mjomba kilitoka kwa mhunzi gani, wa mtaa gani? Mlango ule wa nakshi, nani aliuchonga, na alijifunza kwa nani? Miji yetu imejaa kazi za mafundi ambao majina yao yanakufa kila tunapozika mzee. Hatuna haja ya fedha nyingi kuwa wakusanyaji wa namna ya pili. Twahitaji daftari, kalamu, na subira ya kukaa na mzee baada ya alasiri. Andika jina lake, la mwalimu wake na la zana zake. Na ikiwa katika habari yake mna jambo la aibu, liandike pia, kwani habari iliyosuguliwa mno ni kama ubapa ulionolewa mno: hung'ara, lakini chuma chake kimekwisha.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotambua haki ya kila mkono uliowafanyia kazi, wa karibu na wa mbali. Amin.